Mvua Ikinyesha, Nani Anaanua? Magemu Kumi Ambayo Nje Yake Utaihisi Mwilini

Kwetu Kitaji, mjini Musoma, mvua haikuulizi una shughuli gani. Wingu likitanda upande wa ziwa na upepo ukageuka baridi ghafla, neno ni moja tu, nalo hutoka uani kwa sauti ya juu: "Anueni!" Ukiwa na kijiko mdomoni, kitoe. Ukiwa unaongea na mchumba kwenye simu, kama ni wa Musoma atakuelewa. Kama si wa Musoma, huo ndio wakati wa kumfundisha. Dagaa wako juani. Dagaa akinyeshewa hupoteza ule mng'ao wa fedha, huanza kunuka kusikostahili, na mwisho wake ni chakula cha kuku.

Siku moja nilikuwa nacheza gemu sebuleni, bibi yangu kakaa nyuma yangu anachambua dagaa kwenye ungo. Kwenye kioo mvua ikaanza kunyesha, mvua nzuri kweli, matone unaweza kuyahesabu. Watu wa ndani ya gemu wakaendelea kutembea kana kwamba ni kiangazi. Vidole vya bibi vikasimama.

"Mume wangu," akaniambia, kama anavyoniita tangu nizaliwe, "mvua inanyesha na hakuna anayekimbia. Huko nani anaanua?"

Tangu siku hiyo swali la bibi ndilo mizani yangu. Gemu lenye nje iliyo hai halitambuliki kwa wingi wa majani wala kwa ziwa linalometameta. Nje iliyo hai hukufanyia kitu: anga likibadilika unabadilika nawe, udongo ukilowa mguu wako unajua, upepo ukivuma unaufuata au unaukimbia. Nimepanga kumi, kutoka la kumi hadi la kwanza, na kila moja nimelipitisha kwenye kipimo cha kuanua. Binamu yangu wa Bunda haukubali mpangilio huu, na nimempa nafasi yake ya kulalamika huko katikati. Tuanze.

10. Grand Theft Auto: San Andreas (2004)

Kama hukuwahi kubanana na wenzako kwenye benchi moja kibandani, mbele ya TV yenye chogo, mkisubiri zamu huku mwenye kibanda anatazama saa, basi hapa tuamini sisi tuliokuwepo.

Wengi hukumbuka magari na fujo zake. Mimi nakumbuka jioni yake. Jua likianza kushuka Los Santos, mji mzima hugeuka rangi ya chungwa lililoiva, na hewa inaonekana nzito, kama ina vumbi lililokataa kutua. Tulitoka kibandani macho yamechoka, tukatazama ziwani, tukaikuta rangi ileile juu ya maji. Kwa mara ya kwanza nikajua kwamba mtu aliyechora gemu alikuwa amekaa mahali akaitazama jioni kwa makini, kama sisi.

Na ukitoka mjini, nchi inabadilika: mashamba, ukungu, Mlima Chiliad, kisha jangwa lenye dhoruba ya mchanga inayokufumba macho. Kwa mashine ya PlayStation 2, hiyo ilikuwa safari ya Musoma hadi Dodoma bila nauli.

Kipimo cha kuanua: jua limo, joto halimo. Dagaa wangepigwa picha nzuri, lakini wasingekauka.

9. Minecraft (2011)

Dunia nzima ya matofali, na bado unaihisi. Usiku wa kwanza ndio unaokukamata: jua linashuka, huna nyumba, na gizani kuna vitu vinavyotembea. Ukishachimba kijishimo na kujifungia kwa udongo, ndipo utaelewa kwa nini binadamu alianza kujenga.

Mwaka 2013 waliongeza savana, yenye nyasi zilizofifia na migunga yenye vichwa bapa. Mtu wa Bunda akiiona atatafuta ng'ombe wake. Ila kuna jambo moja: katika savana ya Minecraft mvua hainyeshi kamwe. Anga hufanya giza, wingu hujaa, halafu basi. Mkulima wa pamba wa kwetu angekaa huko msimu mmoja tu, wa pili mngemkuta kahama.

Na majabali yetu? Miamba ya Musoma ni ya mviringo, imebebana kama mayai kwenye trei. Minecraft haijui mviringo. Hata jua lake lina pembe nne.

Kipimo cha kuanua: kwenye savana yake anika bila wasiwasi, mvua haiji. Lakini raha ya kuanua itakupita.

8. Euro Truck Simulator 2 (2012)

Gemu la kuendesha lori, kutoka kampuni ya SCS Software ya Prague. Anayelisikia kwa mara ya kwanza huuliza: raha iko wapi? Raha iko kwenye kioo cha mbele. Ni usiku, mvua inapiga bodi ya lori, waipa zinakwenda na kurudi, taa za gari linalokuja zinavunjika vipande vipande kwenye matone. Nje ipo, imejaa, na wewe uko ndani pakavu. Kila aliyewahi kupanda basi la usiku akakaa dirishani, akaegemeza kichwa kwenye kioo baridi, anaijua hisia hiyo.

Ulaya ya gemu hili imepunguzwa kwa kipimo cha moja kwa kumi na tisa. Kwa hesabu hiyo, barabara ya Mwanza hadi Musoma, ambayo ni zaidi ya kilomita 200, ingebaki kilomita kumi na moja hivi. Ungepita Lamadi unapiga chafya, ukimaliza uko Bunda. Wenye simu wana ndugu yake, Bus Simulator Indonesia ya mwaka 2017, ambayo vijana wetu huyapaka mabasi yake rangi za mabasi ya kwetu, kisha wanapiga honi kwenye barabara za Indonesia kana kwamba wanaingia stendi ya Bweri.

Kipimo cha kuanua: dereva amekauka, mzigo uko chini ya turubai. Bibi alisema, "Huyu amelelewa vizuri."

7. Firewatch (2016)

Kiangazi cha mwaka 1989, msitu wa Shoshone huko Wyoming, Marekani. Wewe ni Henry, mlinzi wa moto unayekaa peke yako kwenye mnara. Una ramani ya karatasi, dira, na redio ya upepo inayokuunganisha na sauti moja, ya Delilah. Basi. Hakuna jeshi, hakuna zimwi.

Siri yake ni umbali. Mchoraji wake, Olly Moss, aliipanga milima kwa tabaka za rangi: wa karibu umeiva, unaofuata umefifia, wa mwisho karibu uwe hewa tupu. Jicho letu husoma umbali hivyohivyo, kwa sababu kati yako na mlima kuna hewa yenye vumbi na unyevu, na kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo mlima unavyopoteza rangi yake. Simama Musoma asubuhi utazame ng'ambo upande wa Majita utaona: vilima vimepangwa kama kanga zilizokunjwa, wa chini kijani, wa kati buluu, wa juu kama moshi.

Ni gemu fupi. Ila nilipolimaliza nilikaa kimya kidogo, na masikio yangu yakaanza kusikia vitu vya uani ambavyo kwa kawaida hayavisikii: kuku akikwaruza, mtu akimwaga maji.

Kipimo cha kuanua: uko peke yako msituni. Anua mwenyewe.

6. Subnautica (2018)

Hapa nje ni maji. Chombo chako kimeanguka kwenye sayari iliyofunikwa na bahari, huna bunduki ya kujitetea, na pumzi inahesabika. Mchana, kwenye kina kifupi, ni furaha: mwanga unacheza mchangani, samaki wanapita kama daladala saa moja asubuhi. Kisha jua linazama, maji yanageuka meusi, na viumbe vinaanza kuwaka.

Waliotengeneza gemu hili walijua kwamba majini hofu huingilia masikioni. Utamsikia mnyama mkubwa kabla hujamwona, na hutajua yuko upande gani, kwa sababu majini sauti inakuzunguka. Waliokulia mwaloni hawahitaji kuelezwa. Usiku ukimsikia kiboko akipumua, huoni kitu, lakini miguu yako ishaamua.

Na taa. Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wetu wa dagaa huwasha taa zao ziwani. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi nyingi ni za sola. Dagaa hufuata mwanga, wavuvi hufuata dagaa, na sisi wa nchi kavu tukitazama tunaona mji mzima umezuka juu ya maji, mji ambao asubuhi haupo. Subnautica ndilo gemu pekee lililonifanya niufikirie mji huo kwa upande wa samaki: uko gizani, na juu yako kuna jua dogo linakuita.

Kipimo cha kuanua: huwezi kuanika chini ya maji. Bibi alikataa kutoa alama, akasema turudi tukishatoka kuoga.

5. Assassin's Creed Origins (2017)

Hapa naomba utulivu, maana nazungumzia maji yetu.

Mto Mara unashuka kutoka Kenya, unapita Serengeti, unapita chini ya daraja la Kirumi, unamwaga maji yake ziwani hapa jirani na Musoma. Ziwa nalo linatokea Jinja, Uganda, linakuwa Nile, na Nile inakwenda mpaka Misri. Gemu hili limewekwa Misri ya wakati wa Cleopatra, na mto wake una mafunjo, viboko na mamba. Nilipoingia na mtumbwi katikati ya mafunjo yale nikasema kwa sauti: jamani, haya maji nayajua!

Jangwa lake ndilo lililonivua kofia. Ukikaa muda mrefu kwenye mchanga chini ya jua, mhusika wako, Bayek, anaanza kuona vitu ambavyo havipo. Gemu halikuandikii "joto limezidi". Linakuchezea akili, kama jua la kweli linavyofanya.

Na sauti ya Bayek ni ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Mwaka 2024, Salim na studio yake, Surgent Studios, walitoa gemu lao wenyewe, Tales of Kenzera: ZAU, la kijana anayemlilia baba yake, lililojengwa kwa hadithi za Kibantu. Salim naye alikuwa amempoteza baba. Ukienda kwenye mipangilio ya lugha unakikuta Kiswahili, na wahusika wanazungumza Kiswahili kwa sauti zao. Bibi, ambaye kwa miaka yote alikuwa anatazama magemu yangu kama mtu anayetazama harusi ya mtaa wa pili, alisikia maneno ya kwanza akasogeza kigoda. Msitu ukisema lugha yako, unakuwa msitu mwingine.

Kipimo cha kuanua: kwenye Origins wapo watu mashambani na kwenye mitumbwi, kila mtu na kazi yake. Bibi aliwatazama akasema, "Hawa wana kwao."

4. Red Dead Redemption 2 (2018)

Hapa ndipo binamu yangu anapiga meza. Yeye analitaka namba moja. "Binamu," ananiambia, "wewe unatoka mjini, matope huyajui." Tusikilize hoja zake, maana ni nzito.

Hoja ya kwanza ni tope. Bunda kuna udongo mweusi wa mbuga ambao ukilowa unakushika mguu kama mdai. Ukivuta mguu, kiatu kinabaki kuweka dhamana. Gemu hili linalijua hilo. Mji wa Valentine mvua ikinyesha, barabara yake inakuwa uji. Mguu unazama, gurudumu la mkokoteni linachora mfereji, nguo zinachafuka na zinabaki chafu. Kwenye theluji, njia uliyopita inabaki nyuma yako.

Hoja ya pili ni wanyama. Wako aina 200 hivi, na hawakai kama mapambo. Ukimwacha mnyama aliyekufa, wala mizoga wanakuja, mwili unaoza siku hadi siku. Binamu yangu amekua ng'ambo ya barabara tu kutoka Serengeti. Kwake tai wakizunguka angani ni habari, unajua pa kutazama. Anasema hili ndilo gemu la kwanza alilotazama juu kabla ya kutazama mbele.

Hoja ya tatu ni farasi. Unamlisha, unamsugua, unamtuliza akiona nyoka. Mvua ikimpiga, unamwonea huruma.

Kwa nini basi la nne? Kwa sababu nje yake, pamoja na utajiri wote huo, mara nyingi inakusubiri uitazame. Magemu matatu yaliyobaki hayasubiri.

Kipimo cha kuanua: mvua ikija, nguo yako italowa na tope litakupanda. Binamu amepewa medali ya udongo, na aivae kwa fahari.

3. Far Cry 2 (2008)

Gemu la siku nyingi, na bado halijapata mrithi. Watengenezaji wake, Ubisoft Montreal, walikwenda Kenya kuitazama nyika kwa macho yao, kisha wakajenga nchi ya Kiafrika isiyo na jina, ya kilomita za mraba 50. Na injini iliyoiendesha waliipa jina gani? Dunia. Ndiyo, dunia hiihii tunayoapia.

Nje ya Far Cry 2 ina moto. Ukiwasha nyasi kavu, moto unashika, unapanda, na unakwenda kule upepo unakoelekea. Upepo ukigeuka, moto unageuka, na wewe uliyeuwasha ndiye unayetimua mbio. Hakuna aliyeupangia njia. Moto unasoma nyasi na upepo, kisha unaamua wenyewe. Mwaka ule hilo lilikuwa ajabu kubwa.

Sisi wa Mara tunaujua moto huo kwa pua. Kiangazi kikikomaa, harufu ya majani yaliyoungua inafika kabla ya moshi. Ndiyo maana wahifadhi Serengeti huchoma baadhi ya maeneo mapema, nyasi zikiwa bado na ubichi kidogo, ili moto mkubwa ukija baadaye ukose chakula. Hekima hiyo utaipata ndani ya gemu kwa njia ngumu: choma kidogo mbele yako, au uchomwe sana.

Halafu kuna malaria. Mhusika wako anaumwa tangu mwanzo, na bila vidonge macho yanafifia na nchi inaanza kuyumba. Marafiki wa mbali huona hilo ni jambo la kubuni. Sisi tunajua ni Jumanne.

Lakini niseme wazi linaloniuma. Nchi hii nzuri imejaa wenye bunduki watupu. Huoni watoto wakienda shule, huoni mama muuza nyanya kando ya barabara, huoni nguo kwenye kamba. Nyika waliitazama vizuri, ila wenye nyika hawakuwatazama. Kwa sababu hiyo pekee limekosa nafasi ya juu zaidi.

Kipimo cha kuanua: moto unakuja na hakuna kilichoanikwa. Bibi aliitazama nyika ile akauliza, "Wenyewe wako wapi?"

2. Ghost of Tsushima (2020)

Magemu mengi hukuwekea kiramani kwenye kona ya kioo, na wewe unacheza saa nzima unatazama kona hiyo huku mlima mzima unakupita. Wenye Ghost of Tsushima walikiondoa. Unataka kujua njia? Unatelezesha kidole juu ya pedi, na upepo unavuma kuelekea unakotakiwa kwenda. Nyasi ndefu nyeupe zinainama, majani yanaruka, vazi lako linapepea, na wewe unageuza farasi ukafuata. Macho yako yanabaki kwenye nchi.

Mvuvi wa kwetu atasema: sasa hilo jipya liko wapi? Na ana haki. Ziwani upepo ndio ramani. Mchana ardhi hupata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na ile ya ziwani huja kujaza nafasi. Ndiyo ile inayotupoza alasiri. Usiku kazi inageuka: ardhi inapoa, maji yanabaki na joto lake, na upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Upepo wa pande zote hukutana juu ya maji, hupanda, hujenga mawingu, na ndiyo maana radi za Ziwa Victoria hupenda usiku, wakati wenzetu wako kwenye mitumbwi. Kijana anayesoma upepo vizuri hurudi nyumbani.

Tsushima yenyewe ni kisiwa cha kweli, kati ya Japani na Korea, na hadithi ya gemu ni uvamizi wa Wamongolia wa mwaka 1274. Watengenezaji ni Sucker Punch, Wamarekani. Walikipenda kisiwa hicho kiasi kwamba mwaka 2021 wakubwa wawili wa gemu hilo, Nate Fox na Jason Connell, walitangazwa mabalozi wa utalii wa Tsushima. Wageni walichora upepo wa watu, na wenye upepo wakasema: hawa ni wa kwetu. Naomba siku moja mtu achore upepo wa Ghuba ya Mara hivyo, na ikiwezekana awe mtoto wa Mwisenge, Butiama au Kisorya.

Kipimo cha kuanua: upepo unakupa habari mapema. Anayejua kuusoma huanua kabla ya tone la kwanza. Bibi alitikisa kichwa kwa kukubali, na bibi hatikisi kichwa hovyo.

1. The Legend of Zelda: Breath of the Wild (2017)

Namba moja ni ya mvua.

Kwenye gemu hili la Nintendo unaweza kupanda karibu kila kitu: mlima, ukuta, mti, jabali. Kisha mvua inanyesha. Mwamba unateleza. Unapanda hatua nne, unaserereka, jasho la dakika tano limepotea. Wachezaji wa dunia nzima walilalamika. Watoto wa Musoma tulikaa kimya, maana tulishayajua hayo kwenye miamba yetu na makovu tunayo. Jabali likilowa, unashuka au unangoja. Nenda Butiama, pale Mwitongo alipozikwa Mwalimu Nyerere mwaka 1999, uyatazame majabali yake yakiwa yametoka kunyeshewa: yanang'aa kama mgongo wa kiboko, na hata mbuzi anafikiria mara mbili.

Mvua hiyo inafanya kazi nyingine. Inazima moto wako; ukitaka kupika, tafuta paa. Radi ikikaribia, upanga na ngao ya chuma vinaanza kutoa cheche, na una sekunde chache za kuvivua kabla hujapigwa. Jua likitoka, unaweza kuwasha nyasi, na joto la moto huo linakupandisha juu ukiwa na mwavuli wako. Nchi ya baridi inakutaka nguo nzito au chakula cha pilipili. Kila kitu kinajua kitu kingine: maji yanajua moto, chuma kinajua umeme, jiwe linajua mvua.

Na muziki wenyewe umejua kunyamaza. Piano inagusa noti mbili tatu, inaacha. Katikati yake unasikia nyasi, miguu yako, ndege wa mbali. Mkurugenzi wake, Hidemaro Fujibayashi, alichukua ramani ya mji anaoishi, Kyoto, akaitandika juu ya ramani ya gemu ili apime umbali kwa miguu anayoijua: kutoka hapa hadi pale ni mwendo gani, utachoka wapi. Ndiyo maana nchi ile inakaa vizuri mwilini. Ilipimwa na mtu aliyetembea.

Kwetu mvua ina heshima ya pekee. Mwalimu alipozaliwa Butiama mwaka 1922, mvua ilikuwa inanyesha, na akapewa jina la Kambarage, roho wa mvua kwa Wazanaki. Nchi inayompa mtoto jina la mvua haiwezi kulipa nafasi ya kwanza gemu ambalo mvua yake ni pazia la kupamba.

Niwaambie siku nilipofunga hesabu. Ilikuwa alasiri, nimeshampandisha Link, mhusika wa gemu hili, karibu na kilele, zimebaki hatua kama kumi. Kwenye kioo mawingu yakakusanyika, tone la kwanza likaanguka, akaanza kuteleza. Nikamshusha hadi kwenye kibaraza cha jiwe. Wakati huohuo nikahisi ubaridi kwenye shingo. Pazia la dirishani likajaa upepo. Kabla sijageuka, bibi alikuwa ameshafika mlangoni.

"Anueni!"

Pedi ikabaki kwenye mkeka. Tulitoka mimi, bibi, na mtoto wa jirani aliyekuwa amekuja kutazama tu. Mmoja kashika pembe hii ya turubai, mwingine ile, tukakunja dagaa katikati kama mtoto kwenye nguo, tukawaingiza barazani mvua ikitufuata kwa nyuma kwa hatua tatu. Dagaa wote walibaki wakavu, salama. Harufu yao, vumbi lililolowa na upepo wa ziwa vikaingia ndani pamoja nasi.

Bibi akajifuta uso kwa kanga, akatazama kioo. Link alikuwa amesimama palepale juu ya jiwe, mvua inampiga, peke yake.

"Mume wangu," akasema, "na huyu je? Hana wa kumwanua?"

Nikaokota pedi. Nikamtafutia mahali chini ya mwamba, pakavu, nikampangia kuni nikaziwasha. Bibi akavuta kigoda, tukakaa wote watatu kungoja mvua mbili zikatike.